Lazima

Barua ilikuja Merthyr siku ya mvua.
Delyth akaifungua kwa kisu cha siagi.
Sheria ya zamani imefutwa, inasema;
mwanao hana tena mahitaji maalumu,
ana mahitaji ya ziada.

Emrys yuko chini ya meza, viganja masikioni,
anahesabu mizunguko ya mashine ya kufulia.
Neno limebadilishwa koti. Mashine haina habari.

Miaka minne mama aliomba mtu mmoja,
mmoja tu, wa kukaa naye darasani.
Wakampa fomu. Akajaza.
Wakampa fomu ya kuulizia fomu.
Baba mtu aliondoka
baina ya rufaa ya kwanza na ya pili.

Ukurasa wa tatu: "lazima".
Delyth analigusa kwa ncha ya kidole,
kama apimaye joto la uji.
Palepale, zamani, paliandikwa "ikiwezekana",
na haikuwezekana.

Mashine imenyamaza.
Anapiga magoti, anaingia mezani na barua yake.
"Nihesabie, mwanangu. Lazima ngapi?"
Macho ya mtoto yanapita kurasa kama sindano ya cherehani.
"Saba."
"Na isipokuwa?"

"Kumi na moja."