Nisawazishe?

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
fundi Singano anapuliza tundu la waya
kama anayepuliza jicho la mtoto.
Pini thelathini, anasema, mbili zina kutu.
Chumvi ya Tanga haichagui.

Kidude hiki kilikuwa cha kaka yangu Mbaruku.
Kina ufa begani. Gurudumu limeng'ara
pale kidole gumba kilipozunguka
miaka minane ya zamu za usiku,
kiwanda cha saruji, Pongwe.

Waya wa kwanza, kimya.
Wa pili unataka ushikwe hivi;
ukiuachia tu, unanuna.
Wa tatu tumeazima kwa muuza vocha,
na kompyuta ikatoa mlio mdogo
kama mtu aliyekumbuka jina.

Kisha ikauliza:
kifaa hiki kinaijua kompyuta nyingine;
nikifute, nisawazishe?

Hiyo nyingine tuliiuza kwa kilo
mwezi ule ule wa matanga.

Kidole cha fundi tayari kiko juu ya kitufe.
Nikamshika mkono.
Kisawazishwe na nini?
Mimi sina taarabu zake,
sina zile nyimbo arobaini
ambazo zote zinaitwa Wimbo wa Kwanza,
sina faili ya sekunde tisa, "jaribu",
ambamo anakohoa, anacheka, anasema:
hivi inashika hii?

Inashika, Mbaruku.

Chaji tu, fundi. Ijae hata nusu.
Na hili swali kwenye kioo?
Liache liulize.