Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo hili hula sarafu:
tetri kumi kupanda, kushuka ni bure.
Nchi nzima imejengwa hivi, alikuwa akisema marehemu baba.

Naitwa Makvala. Beji ya kampuni imemeza irabu yangu moja.
Maswali mawili tu, nasema mlangoni, dakika tatu.
La kwanza: kutoka moja hadi kumi,
umeridhika kiasi gani na hali yako ya fedha?
La pili: serikali ianze na lipi?
Ofisini wametukaza: mfuko kwanza, taifa baadaye.
Sikuuliza sababu. Nalipwa kwa fomu, silipwi kwa udadisi.

Ghorofa ya tatu, Jemali, fundi wa vioo vya magari.
"Mbili," kabla sijafunga swali.
Gesi imepanda. Mkopo wa mashine ya kufulia umebakiza miezi kumi na tisa.
Binti yake yuko Bari, anaogesha wazee wa watu,
na mwezi huu hajatuma kitu.
Serikali ianze na lipi?
"Gesi."
Na baada ya gesi?
Ananitazama kama niliyemuuliza mtu anayezama
anapenda rangi gani.

Ghorofa ya saba, mlango mpya wa chuma, harufu ya rangi.
Avtandili, daktari wa meno. Mbwa wake ana koti.
"Nne."
Nne?
"Shemeji yangu kanunua nyumba Batumi. Ukiamka, bahari."
Serikali ianze na kodi, iishushe;
anaitamka *kodi* kwa upande mmoja wa mdomo,
kama mtu anayelinda jino bovu.

Ghorofa ya tisa, Nazibrola, alifundisha jiografia.
Pensheni yake naijua, ni ileile ya mama yangu,
haijawahi kuiona tarehe ishirini.
Dirishani komamanga mawili, ya kutazamwa tu.
"Tisa."
Narudia swali, kwa sauti.
"Tisa, binti. Mimi si kiziwi. Kumi namwachia Mungu."
Kisha anaitandaza ramani juu ya blanketi:
mto ule nyuma ya kiwanda, usafishwe, watoto wauone samaki akiwa hai;
wafungwa wapewe vitabu; na wale waliokimbia vijiji vyao,
mpaka lini watalala kwenye hoteli zilizokufa?
Dakika arobaini. Fomu ina mstari mmoja.
Niliandika *mto*.

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa.
Lakini tulipokuwa tunazungumza mto
nililisikia tumbo la Nazibrola likichangia mada.
Na yule wa ghorofa ya saba, sijui ana njaa ya nini.

Ghorofa ya kumi na moja. Miguu imeniishia, macho pia;
nikaishika fomu kichwa chini, nikaanza na taifa.
Ushangi, dereva wa usiku, shati halijafungwa vifungo.
"Shule," papo hapo, na usingizi ukamtoka usoni.
"Ya kwetu mlimani. Jiko moja la kuni, walimu wawili,
mmoja wao ndiye anayepasua kuni."
Akacheka. Nami nikacheka.
Ndipo nikamuuliza habari za mfuko.
Akanyamaza. Akahesabu kwa vidole, akarudia mkono uleule.
"Tatu."
Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi aliponiita:
"Dada, lile jibu la mwanzo. Laweza kubadilishwa?"
"Halibadilishwi," nikasema.
Uongo. Kanuni zinaruhusu, ukurasa wa pili, chini kabisa.

Sasa nashuka bure.
Taa ya lifti inapepesa kama inakumbuka jambo.
Imebaki fomu moja, haina jina.
Naigeuza kichwa chini,
natafuta jibu langu upesi, nane, saba, sita,
kabla mlango haujafunguka
nikakumbuka kodi ya nyumba.