Nyama Iliyonyamaza

Miaka thelathini na minne, kila Alhamisi,
ngazi zote za jengo letu, hapa Rosario, zilijua tunakula nini.
Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakisema.
Yalianza kwa mnong'ono pembeni mwa kikaango,
kisha nyama ikitumbukia na koti lake la mkate
yakalipuka kama uwanja baada ya bao,
na Bwana Hilario wa ghorofa ya juu
akagonga sakafu yake kwa fimbo:
nami nimenusa, msinisahau.

Ndipo daktari, binti mdogo mwenye kalamu ya kijani,
akamwandikia Evaristo karatasi.
Haikuwa ndefu. Chumvi: punguza. Kukaanga: acha.
Hilo "acha" alilipigia mstari mara mbili.
Evaristo, dereva wa malori ya ngano tangu ujana,
aliikunja karatasi mara nne, akaichomeka ndani ya kofia
kana kwamba ni faini ya kuegesha vibaya.

Sikumbembeleza. Sijui kubembeleza.
Alhamisi iliyofuata nilifungua oveni
tulimokuwa tukificha sufuria zisizo na vifuniko.
Nikazitoa moja moja. Nyuma kabisa
nikakuta mwiko wa marehemu mama mkwe,
aliyekuwa akisema chakula kisichong'aa mafuta ni kitubio.
Nikamwomba radhi, nikaendelea.

Paja la ng'ombe, vipande vyembamba,
shahamu nimeitoa kwa ncha ya kisu.
Yai moja, haradali, kitunguu saumu
kilichopondwa hadi kikapoteza sura.
Mkate wa juzi nimeusaga kwa mkono,
na shayiri konzi mbili, ila hilo usimwambie.
Matone ya mafuta ya zeituni kwenye trei. Matone, nimesema.
Niliyahesabu: kumi na moja.
Mahali pa chumvi, ganda la limau lililokwaruzwa.

Nikafunga mlango wa oveni
na nyumba ikanyamaza.

Hilo sikulitarajia. Nilijiandaa kwa ladha,
sikujiandaa kwa kimya.
Dakika ishirini bila sauti
ila ya friji, na ya Evaristo sebuleni
akikunja na kukunjua gazeti lilelile.
Nyama imenyamaza, nikajisemea,
kumbe neno lilikuwa limelala ndani ya neno.

Aliikata. Akachungulia kama anayefunua boneti.
Akatafuna upande wa kushoto, penye meno.
"Kavu," akasema.
"Kavu," nikakiri.
Malenge ya kuponda tukayamaliza, hatusemezani.
Juu, Bwana Hilario hakugonga.

Alhamisi ya pili niliilaza kwenye mtindi usiku kucha. Afadhali.
Ya tatu niliipa moto mkali, muda mfupi.
Ya nne iliungua, tukala mayai.

Ya tano nilichelewa kwa fundi viatu.
Nikiwa katikati ya ngazi nikasikia:
du. du. du-du.

Evaristo, vidole vimegandana kwa yai,
mtu ambaye hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi
(na sasa hakuwa na haja ya kujua),
alikuwa akiipiga nyama kwa nyundo ya mti,
pigo la nguvu, pigo la huruma,
hadi ikatanda mezani kama ramani ya barabara zake zote.
Karatasi ya daktari ilikuwa imebandikwa ukutani,
mikunjo yake minne imenyooshwa kwa kiganja,
imeshika tone la haradali.
"Ikiwa nyembamba," akasema bila kugeuka,
"haipati nafasi ya kukauka."
Sikumuuliza amejifunza wapi.

Aliinua nyundo tena, na kabla haijashuka
dari ikajibu:
du. du.

Tukatazamana. Nikashusha sahani ya tatu kabatini,
ile yenye ufa,
nikaikamata chupa ya zeituni nikahesabu upya.
Matone kumi na mawili.
Moja la mgeni.