Tarehe Bado

Karatasi iko mezani tangu Jumanne,
chini ya kikopo cha chumvi isije ikapeperuka.
Nélida hufuta meza akiizunguka,
kama mtu anayefagia chumba chenye mgeni aliyelala.
Kurasa nne. Jina langu limeshachapwa:
Eleuterio Cárcamo, miaka hamsini na mitatu,
kazi: mchukuzi wa gesi.

Miaka ishirini na tisa nimepandisha gesi vilima vya Valparaíso,
mtungi begani, gunia limekunjwa shingoni,
nikigonga chuma kwa spana, ting, ting,
madirisha ya juu yafunguke.
Najua nyumba inayochemsha maharagwe kila Jumatatu,
na ile inayolipa kwa sarafu tupu.
Ngazi za kwetu ni mia moja sitini na mbili.
Siku hizi nazihesabu kwa mguu wa kulia tu.
Wa kushoto una ganzi, hunifuata kama mbwa wa jirani:
akitaka huja, asipotaka huketi.

Daktari Urrutia aliipachika picha mbele ya taa.
Pingili ya nne imeteleza juu ya ya tano, akasema,
na mshipa umebanwa. Mimi nikaona
mtungi uliopangwa vibaya juu ya mwenzake,
nikatamani kunyoosha mkono niusukume urudi.
Skrubu sita, akasema. Fito mbili za chuma. Saa nne mezani.
Katika kumi, saba hupata nafuu.

Katika wale saba namjua mmoja, Doña Ercilia,
huinama hadi chini kuokota majani kwenye vyungu vyake
hata kama hakuna jani.
Katika wale watatu namjua Rosamel, muuza samaki.
Mguu wake hauinuki kuanzia kifundoni;
sakafu ya duka lake ina mstari mweusi
uliochorwa na ncha ya kiatu.
Wote wawili wamenishauri. Wote wamenishika mkono huu huu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami mwezi wa tano huu nalala sakafuni.

Nilikuwa na swali moja tu.
Tetemeko likija, daktari, hizo skrubu zitalijua kabla yangu?
Alicheka. Kisha akaacha,
maana na yeye ni mtu wa hapa.

Usiku wa kuamkia Alhamisi likaja, dogo,
la kutikisa vijiko na kuamsha mbwa.
Tangu utoto mwili wangu huwa mlangoni
kabla akili haijavaa suruali.
Safari hii akili ilifika mlangoni peke yake.
Mimi nilibaki chini kama zulia,
na Nélida, aliyekwisha kufika kizingitini,
akarudi.
Akalala kando yangu, kisigino chake
juu ya mguu nisiousikia,
tukangoja vijiko vinyamaze.
Hakusema neno kuhusu karatasi.
Laiti angesema, ningepata wa kubishana naye.

Asubuhi akapiga goti kunifunga kamba za viatu,
fundo mara mbili, kama mtoto wa shule.
Nikautazama utosi wake.
Kampuni ina kiti cha kupokea simu, nikikitaka.
Nakiogopa kiti. Nakiogopa kisu.
Naogopa zaidi jinsi alivyolizoea lile goti,
asivyogunia tena anapoinuka.

Nikainua kikopo.
Chumvi ilikuwa imeacha duara ukurasa wa kwanza.
Nikafunua hadi wa mwisho, nikaandika jina,
herufi zote, hata ile alama juu ya Cárcamo
ambayo huwa siijali.
Mahali pa tarehe nimepaacha.

Nje mtu anagonga chuma, ting ting ting,
kijana mpya, anagonga haraka mno,
hajajua kwamba ngazi ya tisini ina ufa.
Nimefungua dirisha nimwambie.