Nyota Moja

Valmiera. Theluji ya mwisho imeng'ang'ania dirishani.
Raivo anasoma maoni ya programu yake,
ile ya kupanga zamu, aigawayo bure.

Nyota tano: "Safi sana!" Basi.
Nyota tano: "Hongera, kaka."
Nyota moja, kutoka Valdivia,
muuguzi Nélida:
"Saa zilipanda nyuma, zamu ya usiku ikapotea.
Wodi ilikaa saa nzima bila mtu.
Kitanda cha sita kiliita, kiliita."

Kahawa inapoa. Mstari wa mia mbili na kumi:
alama ya kutoa
pahali pa kujumlisha.
Anarekebisha. Anajibu: "Imepona. Niwie radhi."

Nélida hakurudi.
Nyota yake ipo palepale, inavuta wastani chini,
na Raivo huanza nayo kila jioni,
kama mtu apapasaye kovu
kabla ya kunyoa.