Viatu vya Kushoto

Kazi yangu ni kuhesabu baiskeli zilizolala vibaya.
Saa kumi na moja alfajiri, kalamu sikioni,
kizibao cha Jiji kifuani, rangi ya chungwa bivu,
natoka Mkuyuni na daftari langu
kabla jua halijagusa mawe ya Mabatini.

Sheria ndogo, kifungu cha tisa, inasema:
kila baiskeli ya kukodi italala ndani ya mstari mweupe,
gurudumu la mbele likitazama barabara,
na asiyetii, shilingi elfu ishirini.
Mistari tuliichora wenyewe, Januari,
pale benki, pale hotelini,
pale Capri Point wageni wanapopigia picha.
Tuliivuta kwa kamba ikanyooka kama safu ya msikitini.

Baiskeli hazikuiona.

Namba 41 niliikuta Mwaloni,
magamba ya sato kwenye kengele.
Namba 208, Igogo, imeegemea choo cha watu.
Namba 90 ilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga;
mkata tiketi anaapa ililipa nauli.
Namba 17 ilivuliwa. Si mzaha:
wavu ulikwenda kwa sangara
ukarudi na usukani uliovaa magugu maji,
nami nikaandika, maana fomu inataka:
imeegeshwa nje ya mstari.

Bosi wangu, Bwana Rweyongeza, alitaka ramani.
Nikampa mbili, ya ofisi na ya kwangu.
Ya ofisi ina nukta kando ya ziwa, safi kama shanga.
Yangu imeota vipele kama tetekuwanga,
vyote upande wa watu wanaoamka mapema.
Alizitazama kwa muda,
akaniuliza nani kaniruhusu kutumia wino mwekundu.

Jumanne tukapelekwa Kitangiri.
Kampuni ina leseni. Kashinje hana.
Miaka ishirini na saba anakodisha chini ya bati moja,
hajui programu ya simu,
hajui kufuli linalojifungua lenyewe.
Dhamana yake ni kiatu. Cha kushoto.
Unakiacha, unapanda, unafika Pasiansi na kurudi,
pedeli ikikuuma unyayo njia nzima,
na katika Kitangiri yote, anasema,
hajatokea mtoto aliyehama mji na kiatu kimoja.

Nilikuwa najua. Niliomba asinikumbuke.

"Andika," akasema dereva wa lori, nikaandika:
baiskeli kumi na moja, tano bado barabarani.
Pampu moja. Bakuli la viraka.
Ubao: NUSU SAA 300. UKIPASUA UNAZIBA.
Halafu rafu.
Yeboyebo, raba za shule,
ndala ya bluu iliyoungwa kwa waya.

Fomu ya kukamata mali haina safu ya viatu.
Ina vyombo vya moto, ina mifugo, ina mengineyo.

Wale watano walirudi mmoja mmoja, wakakuta lori,
wakashuka,
wakasimama kwa mguu mmoja kwenye changarawe ya saa saba.
Hawakuuliza chochote. Walinyoosha mkono tu,
na Kashinje akagawa polepole
kama mtu anayerudisha chenji.

Kilibaki kimoja rafuni.
Raba iliyokuwa nyeupe, namba thelathini na tatu,
kamba ya kijani.
Akanitazama miguu, si uso.
"Mtoto wa Nyamizi," akasema,
"ile nyekundu uliitupa usiku mlangoni pangu ukakimbia.
Hata hukuisimamisha.
Nusu saa yako bado naidai."

Lori lilikuwa linanguruma. Bwana Rweyongeza alikuwa anapiga simu.
Nikaandika, maana fomu inataka:
mengineyo, kimoja.
Mwenyewe hajapatikana.