Heri, Jiwe

Kidole changu cha shahada kimekufa ganzi.
Miaka thelathini na minne kimesukuma sindano
kwenye kofia za vito, tobo baada ya tobo,
na sukari nayo ikaja kula kilichobaki.
Mwalimu Kadzo akakishika, akakibonyeza, akakiachia.
"Huyu hasomi," akasema, kama anayekataa samaki sokoni.
Akajaribu kingine, na kingine,
hadi cha pete, mkono wa kushoto,
mkono niliokatazwa tangu utotoni usiguse sahani.
"Huyu ndiye mwanafunzi. Wengine wakae wasikilize."

Kadzo katoka Malindi, ana miaka ishirini na mitatu,
hajaliona jua hata siku moja na wala halimsumbui.
Mimi ndiye ninayeuliza kila asubuhi hapa Langoni
ngazi ya darasani ina vidato vingapi leo,
kana kwamba kuna mtu huja usiku akaongeza.

Nukta nundu ni sita. Tatu huku, tatu huku.
Nyumba ya vyumba sita, na kusoma ni kujua
nani yumo ndani, nani ametoka.
A anakaa peke yake, chumba cha juu, kushoto.
B ana mpangaji chini yake.
E anashuka ngazi. I anaipanda.
Nilikwenda nao polepole, kama kuchambua mchele:
hii punje, hii changarawe,
hii sijui.

Kuandika ndiko kulikonitoa jasho.
Karatasi ngumu ndani ya kibao cha chuma,
kisindano mkononi, na hapo moyo ukatulia:
hiki nakijua, hiki ndicho kilichonilishia watoto.
Unatoboa nyuma ili nundu iote mbele.
Unatoka kulia kwenda kushoto,
kama chuoni kwa Maalim Shee,
ubao mapajani, wino wa masizi vidoleni,
kisha unaigeuza karatasi
na maneno yanarudi kwa njia ya pili.

Njia sikuisahau.
Nilisahau kwamba kila nyumba nayo hugeuka.

Neno la kwanza nililichagua mwenyewe.
Niliandika *heri*. Herufi nne, nusu saa.
Kadzo akapitisha kidole, akanyamaza,
akarudia, kisha akacheka mpaka akaishika meza.
"Bi Mwanatumu, umeniandikia *jiwe*."

Nikadhani mzaha. Akanionyesha, kidole juu ya kidole:
h ukimpindua huwa j,
e aliyekuwa akishuka sasa anapanda,
r huwa w, na i naye huyo anateremka.
Hakuna nukta iliyozidi, hakuna iliyopungua.

Nilirudi nayo nimeifunga kwenye pindo la leso.
Nilitaka kukasirika, wallahi.
Kutwa nzima nilikuwa naipapasa.

Nyumbani simu yangu husomwa na mjukuu, Nyabuu,
kwa sauti ya mwadhini.
Nikitumiwa pesa, jirani hujua kabla yangu.
Basi daftari la madeni nimelihamishia kwenye nundu.
Li pale juu ya kasha. Anayeingia hulifungua,
akaona karatasi iliyotoka harara,
akalifunga.

Jana usiku nimemwandika wa mwisho:
Bwanaheri wa Mkomani, kofia mbili,
tangu Maulidi ya mwaka juzi.
Salamu analeta kila Ijumaa. Shilingi, hapana.
Nikageuza, nikapitisha cha pete.
Mkono ulikuwa umechoka, nusu ya jina imeniponyoka.
Bwanajiwe.

Kadzo kanifundisha kufuta:
unaikandamiza nundu kwa ukucha mpaka irudi kulala.
Nikauweka ukucha juu ya j.
Nikafikiri kidogo.
Nikauondoa.

Akilipa, nitamgeuza.